Kumtambua Mtumiaji Ukurasa Hadi Ukurasa Bila Kutunza Nenosiri Lake: Mwongozo Kamili

Itifaki ya HTTP, inayobeba mawasiliano kati ya kivinjari na seva, haina kumbukumbu. Kila ombi linalofika kwenye seva hufika peke yake, bila kubeba habari yoyote ya ombi lililolitangulia, kiasi kwamba mtu aliyejaza nenosiri lake sekunde mbili zilizopita, akibonyeza kiungo cha ukurasa wa pili, huonekana kama mgeni kabisa. Hapo ndipo wajenzi wengi wa tovuti hushikwa na wazo la haraka: kuliweka jina la mtumiaji pamoja na nenosiri lake ndani ya kidakuzi (cookie), yaani data ndogo ambayo kivinjari huitunza na kuirudisha kwa seva, au kwenye sehemu iliyofichwa ya fomu, ili vitumwe upya kwa kila ombi na seva ivikague upya kila mara.

Njia hiyo hufanya kazi, na ndiyo maana ni ya hatari. Nenosiri linalosafiri na kila ombi lina nafasi mamia ya kuvuja badala ya moja. Litabaki kwenye diski ya kompyuta ya mtumiaji, litaonekana kwa yeyote atakayekaa kwenye kompyuta hiyo baadaye, na huenda likaandikwa kwenye faili za kumbukumbu (logs) za seva zilizo katikati ya njia. Kulificha kwa Base64 hakusaidii lolote, kwa sababu Base64 ni namna ya kuandika data tu na hurudishwa katika hali yake ya awali bila ufunguo wowote. Wengine huona wamepiga hatua wanapoweka heshi (hash) ya nenosiri, yaani matokeo ya hesabu isiyorudishika nyuma, kwenye kidakuzi badala ya nenosiri lenyewe. Lakini ikiwa seva inamkubali anayeleta heshi hiyo, basi heshi ndiyo imekuwa nenosiri, na anayeinakili ataingia nayo bila kuhitaji kujua kilichokuwa nyuma yake.

Tena nenosiri ni mali ya mtumiaji kuliko ilivyo mali ya tovuti. Watu wengi hutumia nenosiri moja kwenye huduma kadhaa, kwa hiyo likivuja kwako, madhara yake yanaweza kufika kwenye barua pepe na akaunti za fedha ambazo wewe huna uwezo wowote wa kuzilinda. Ni wajibu wetu, sisi tunaojenga, kulishika nenosiri kwa muda mfupi iwezekanavyo: litumike mara moja mlangoni, lithibitishwe, kisha litupwe kutoka kwenye kumbukumbu. Kuanzia hapo kazi ya kumtambua mtumiaji ifanywe na tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi za nasibu usio na maana yoyote, ambao seva imeutoa yenyewe na inaweza kuufuta wakati wowote. Mengine yote katika mwongozo huu ni namna ya kuitengeneza, kuilinda na kuiua tokeni hiyo.

Hatua ya kwanza: funga njia kabla ya kupitisha chochote

Kidakuzi kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, akiwa Netscape, kwa ajili hasa ya kuipa HTTP kumbukumbu iliyokosa. Kanuni yake ni nyepesi: seva hutuma kichwa cha `Set-Cookie` kwenye jibu, na kivinjari hurudisha thamani ile ile kwenye kichwa cha `Cookie` katika kila ombi linalofuata. Maana yake ni kwamba anayeweza kusoma maombi yakiwa njiani anaweza kuinakili tokeni na kujifanya yeye ndiye mtumiaji.

Jambo hili lilidhihirishwa hadharani mnamo Oktoba 2010, pale Eric Butler alipotoa Firesheep, kiendelezi cha kivinjari cha Firefox kilichomwezesha mtu yeyote aliyeketi kwenye Wi-Fi ya wazi kuona akaunti za watu waliokuwa karibu naye na kuingia ndani yake kwa kubonyeza mara mbili. Wakati huo tovuti nyingi kubwa zilikuwa zikilinda ukurasa wa kuingia peke yake kwa HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa, kisha zikamrudisha mtumiaji kwenye HTTP ya kawaida. Nenosiri lilikuwa salama, tokeni ilikuwa wazi, na hilo lilitosha.

Kwa hiyo tovuti nzima iwe kwenye HTTPS, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi picha ya mwisho. Vyeti vinavyohitajika kwa HTTPS vinapatikana bila malipo kutoka Let's Encrypt, hivyo gharama si sababu tena. Ongeza pia kichwa cha `Strict-Transport-Security`, ambacho hukiamuru kivinjari kisiwahi kuifungua tovuti yako kwa HTTP ya wazi hata kama mtumiaji ameandika anwani hivyo. Anza na muda mfupi, kama saa moja, hakikisha hakuna kilichovunjika, kisha uupandishe hadi mwaka mmoja.

Hatua ya pili: lithibitishe nenosiri, kisha liache liende

Kwenye hifadhidata usiweke nenosiri, bali heshi yake iliyotengenezwa kwa algoriti iliyokusudiwa kuwa nzito. Argon2, iliyoshinda shindano la kimataifa la algoriti za heshi za nenosiri mwaka 2015, ndiyo chaguo langu kwa mradi mpya, katika aina yake ya Argon2id. Kiwango cha chini kinachopendekezwa na OWASP, jumuiya ya usalama wa programu za wavuti, ni kumbukumbu ya mebibaiti 19, mizunguko 2 na uzi 1. Ukilazimika kutumia bcrypt, ambayo imekuwepo tangu 1999, bado ni ya kuaminika, lakini kumbuka kwamba husoma baiti 72 za mwanzo tu za nenosiri. Algoriti za heshi za kawaida kama SHA-256 na MD5 hazifai hapa kwa sababu zina kasi mno: kasi hiyo ni faida kwa anayebahatisha mabilioni ya manenosiri, si kwako. Maktaba nzuri hujichanganyia chumvi yenyewe, yaani data ya nasibu inayofanya watu wawili wenye nenosiri moja wawe na heshi tofauti, kwa hiyo usiitengeneze kwa mkono.

Hatari iliyojificha zaidi iko kwenye faili za kumbukumbu za seva. Mnamo Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake zaidi ya milioni 330 wabadilishe manenosiri baada ya kugundua kwamba yalikuwa yakiandikwa kwenye faili ya ndani ya kumbukumbu kabla ya kugeuzwa heshi. Hifadhidata yao ilikuwa sawasawa. Tatizo lilikuwa mstari mmoja mahali pengine. Pitia kila mahali ambapo programu yako huandika ombi zima, ikiwa ni pamoja na huduma za nje za kukusanya hitilafu, na uondoe sehemu ya nenosiri kabla ya kuandika.

Mambo mawili zaidi kabla ya kuondoka mlangoni. Ujumbe wa kukataa uwe mmoja, ama jina halipo au nenosiri si sahihi, ili mtu asiweze kuorodhesha ni nani wana akaunti kwako. Na idadi ya majaribio idhibitiwe kwa akaunti na kwa anwani ya mtandao.

Hatua ya tatu: tengeneza tokeni isiyobashirika

Tokeni lazima itoke kwenye chanzo cha nasibu kilichoundwa kwa ajili ya usalama. Vitendakazi vya kawaida vya nasibu, kama `Math.random` ya JavaScript au `random` ya Python, vilitengenezwa kwa ajili ya michezo na takwimu, na mtu akiona matokeo ya kutosha anaweza kuyabashiri yanayofuata. Wala usitengeneze tokeni kwa kuchukua namba ya mtumiaji na saa kisha ukazipitisha kwenye heshi; hicho ni kitu kinachoonekana cha nasibu huku viungo vyake vyote vikijulikana.

Katika Python mistari miwili inatosha:

```
tokeni = secrets.token_urlsafe(32)
heshi  = hashlib.sha256(tokeni.encode()).hexdigest()
```

Mstari wa kwanza huchota baiti 32, yaani biti 256 za nasibu, na kuziandika kama herufi 43 zinazokubalika ndani ya kidakuzi. Katika Node.js kazi hiyo hufanywa na `crypto.randomBytes(32)`, na katika PHP na `random_bytes(32)`. Biti 128 zingetosha kabisa, lakini nyongeza haigharimu chochote.

Mstari wa pili ndio wengi huusahau. Tokeni yenyewe huenda kwa mtumiaji, na kwenye hifadhidata huwekwa heshi yake tu. Mtu akiiba nakala ya hifadhidata, au akaiona kwenye nakala rudufu iliyoachwa mahali pabaya, hapati tokeni hata moja inayoweza kumwingiza. Hapa SHA-256 inafaa, tofauti na ilivyo kwa nenosiri, kwa kuwa tokeni ya biti 256 haiwezi kubahatishwa hata kwa kasi ya ajabu. Uzito wa Argon2 unahitajika pale tu siri ilipobuniwa na binadamu. Kuna faida nyingine ya kimya: kwa kuwa unaitafuta rekodi kwa heshi, mshambuliaji anayejaribu kupima tofauti ndogo za muda wa majibu ili akisie tokeni herufi kwa herufi hupoteza mwelekeo, maana kubadilisha herufi moja hubadilisha heshi nzima.

Hatua ya nne: jedwali la vipindi

Kila mtu anapoingia, seva hufungua kipindi kipya (session), yaani rekodi ya kuingia kwake huko, na kukiandika. Jedwali dogo kama hili linaikidhi tovuti ya kawaida:

```
CREATE TABLE vipindi (
  heshi_ya_tokeni CHAR(64) PRIMARY KEY,
  mtumiaji_id     BIGINT NOT NULL,
  kilianza        TIMESTAMP NOT NULL,
  kilitumika      TIMESTAMP NOT NULL,
  mwisho          TIMESTAMP NOT NULL,
  kifaa           VARCHAR(200)
);
```

Weka faharasa kwenye `mtumiaji_id`, kwa sababu siku utakapohitaji kufuta vipindi vyote vya mtu mmoja utataka ifanyike papo hapo. Safu ya `kifaa` ni kwa ajili ya mtumiaji mwenyewe: aweze kufungua ukurasa wa akaunti yake, aone kwamba kuna simu moja na kompyuta mbili zilizoingia, na afunge asiyoitambua. Nashauri sana ukurasa huo uwepo, maana mara nyingi mwenye akaunti hugundua wizi mapema kuliko mfumo wowote wa ulinzi.

Angalia kwamba hakuna mahali popote katika jedwali hili panapogusa nenosiri. Wala usiweke ndani ya kidakuzi jina la mtumiaji, cheo chake au maandishi kama `msimamizi=ndiyo`. Kilicho kwenye kivinjari ni mali ya aliye na kivinjari, na anaweza kukibadilisha apendavyo. Taarifa zote kuhusu mtu huyo zikae upande wa seva, zikisomwa kupitia `mtumiaji_id`.

Tovuti yenye wageni wengi inaweza kuhamishia vipindi kwenye hifadhi ya haraka kama Redis, lakini usikimbilie huko. Utafutaji kwa ufunguo mkuu ni kazi nyepesi kwa hifadhidata yoyote.

Hatua ya tano: kidakuzi chenyewe

Sasa tokeni iende kwa mtumiaji. Mstari huu mmoja ndio unaobeba sehemu kubwa ya usalama wa mfumo mzima, kwa hiyo tuupitie neno kwa neno:

```
Set-Cookie: __Host-kipindi=TOKENI; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax; Max-Age=43200
```

`Secure` hukizuia kivinjari kutuma kidakuzi kwenye muunganisho usio wa HTTPS. Bila neno hili, picha moja iliyowekwa kwa anwani ya `http://` ingetosha kuitoa tokeni nje ikiwa wazi.

`HttpOnly` huifanya tokeni isionekane kwa JavaScript. Iwapo mdukuzi atafaulu kupenyeza msimbo wake kwenye ukurasa wako, kwa mfano kupitia maoni yasiyosafishwa, msimbo huo hautaweza kuisoma tokeni na kuipeleka kwake. Tusidanganyane hapa: msimbo huo bado unaweza kutuma maombi ukiwa ndani ya ukurasa kwa jina la mtumiaji, na kidakuzi kitaambatana nayo. `HttpOnly` hupunguza madhara, haiondoi wajibu wa kusafisha kila kinachoandikwa na watumiaji kabla ya kukionyesha. Lakini tofauti kati ya shambulio linaloishia ukurasa unapofungwa na shambulio linaloondoka na tokeni ya kutumika mwezi mzima ni kubwa. Kwa sababu hiyo hiyo naona ni kosa kuiweka tokeni kwenye `localStorage`, hifadhi ya data iliyo ndani ya kivinjari, ambako msimbo wowote unaoendeshwa ndani ya ukurasa, ukiwemo wa maktaba za nje ulizozileta mwenyewe, unaweza kuisoma.

`SameSite` huamua kama kidakuzi kitumwe wakati ombi limeanzia tovuti nyingine. Kwa `Strict` hakitumwi kabisa, na matokeo yake mtu anayebonyeza kiungo cha tovuti yako kutoka kwenye barua pepe hufika akiwa kama hajaingia, jambo linalowachanganya watumiaji. `Lax` hukiruhusu pale mtu anapofungua ukurasa kwa kiungo cha kawaida, na kukizuia pale tovuti nyingine inapotuma fomu ya POST (ombi la kupeleka data) kwako kwa siri. Tangu 2020 Chrome imekuwa ikikichukulia kidakuzi kisicho na neno hili kana kwamba kina `Lax`, lakini vivinjari havifanani, kwa hiyo liandike mwenyewe.

Kiambishi `__Host-` mwanzoni mwa jina si pambo. Kivinjari kikiona jina limeanza hivyo hukataa kupokea kidakuzi hicho kama hakina `Secure`, kama `Path` si `/`, au kama kimewekewa `Domain`. Hilo la mwisho lina uzito wake: kidakuzi chenye `Domain` husambazwa kwenye vijikoa (subdomains) vyote, na kijikoa kimoja kilichosahaulika, pengine chenye programu ya zamani, huwa mlango wa kuingilia kwenye tovuti nzima. Kiambishi hiki hukifunga kidakuzi kwenye seva ile ile iliyokitoa.

`Max-Age` ni sekunde, na 43200 ni saa 12. Ukiiacha, kidakuzi hufutwa kivinjari kinapofungwa, angalau kwa nadharia; vivinjari vinavyorejesha kurasa za awali vinapofunguliwa tena huvirejesha na vidakuzi hivyo pia. Usitegemee kamwe kivinjari kukuhesabia muda. Mwisho wa kipindi huamuliwa na seva.

Hatua ya sita: ukaguzi kwa kila ombi

Ombi likifika, soma kidakuzi, kipitishe kwenye SHA-256, kisha uulize hifadhidata:

```
SELECT mtumiaji_id FROM vipindi
WHERE heshi_ya_tokeni = ?
  AND mwisho > now()
  AND kilitumika > now() - interval '30 minutes';
```

Rekodi ikipatikana, mtumiaji amejulikana. Isipopatikana, mchukulie kama mgeni na umpeleke kwenye ukurasa wa kuingia. Ukaguzi huu uwe mahali pamoja ambapo maombi yote hupitia, na kila ukurasa uwe umefungwa hadi utamkwe kuwa wa wazi. Ukifanya kinyume chake, yaani kurasa zote ziwe wazi isipokuwa zile ulizokumbuka kuzifunga, siku moja utaongeza ukurasa mpya usiku na kuusahau.

Baada ya kumtambua, sogeza mbele `kilitumika`. Si lazima uandike kwenye hifadhidata kwa kila ombi. Andika tu ikiwa dakika moja au zaidi imepita tangu mara ya mwisho, na mzigo wa uandishi utapungua sana.

Kuna jambo moja la hatua hii ambalo haliko ndani ya msimbo wako. Kurasa za mtu aliyeingia zitumwe na kichwa cha `Cache-Control: no-store`, ili seva za kati zinazohifadhi nakala za kurasa zisije zikampa mtu mmoja ukurasa wa mwingine. Tarehe 25 Desemba 2015 hitilafu katika mpangilio wa hifadhi ya nakala iliwafanya baadhi ya watumiaji wa Steam waone kurasa za akaunti za watu wengine. Kampuni ya Valve ilieleza baadaye kwamba taarifa za watu wapatao 34,000 zingeweza kuwa zilionekana. Hakuna nenosiri lililoibwa na hakuna tokeni iliyobashiriwa.

Hatua ya saba: badilisha tokeni mtu anapoingia

Ikiwa tovuti yako humpa mgeni kipindi kabla hajaingia, labda kwa ajili ya kukumbuka lugha aliyoichagua, usiendelee kuitumia tokeni hiyo hiyo baada ya kuthibitisha nenosiri. Mshambuliaji anaweza kuchukua tokeni yake mwenyewe ya mgeni, akaipandikiza kwenye kivinjari cha mtu mwingine kwa hila, kisha akangoja mtu huyo aingie. Tokeni anayoijua tayari itakuwa imepanda cheo. Dawa ni moja: uthibitisho ukifaulu, futa kipindi cha zamani, tengeneza tokeni mpya, andika rekodi mpya. Fanya hivyo tena mtumiaji anapopata mamlaka makubwa zaidi. Katika PHP ni `session_regenerate_id(true)`, na fremuwaki nyingi zinafanya zenyewe kupitia kitendakazi chao cha kuingiza mtumiaji, ili mradi usikikwepe.

Hatua ya nane: muda, na ombi la "nikumbuke"

Kila kipindi kinahitaji mipaka miwili. Wa kwanza ni wa ukimya: mtu asipofanya lolote kwa muda fulani, kipindi kinakufa. Wa pili ni wa mwisho usiosogea, hata kama mtu anatumia tovuti mfululizo. Mwongozo wa 2017 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwa huduma zinazohitaji uthibitishaji wa hatua mbili, uliweka dakika 30 za ukimya na saa 12 kwa jumla, na ndizo nilizotumia katika mifano ya hapo juu. Tovuti ya kusoma makala haihitaji ukali huo. Ya fedha inaweza kuhitaji zaidi. Amua kwa kujiuliza madhara yatakuwa gani ikiwa simu itaachwa mezani ikiwa wazi.

Watumiaji wakitaka kukumbukwa kwa wiki kadhaa, usirefushe kipindi cha kawaida. Toa tokeni ya pili, yenye kidakuzi chake na jedwali lake, ambayo kazi yake pekee ni kufungua kipindi kipya cha kawaida. Kila inapotumika, ifute na utoe nyingine mahali pake, huku ukiacha alama kwamba ile ya kwanza imekwisha kutumika. Ikija tena tokeni iliyokwisha kutumika, maana yake watu wawili wanayo, na mmoja wao ni mwizi: funga vipindi vyote vya akaunti hiyo na umtake mwenyewe aingie upya. Acha nafasi ya sekunde chache kabla ya kutoa hukumu hiyo, kwa sababu kivinjari kinachofungua kurasa tatu kwa wakati mmoja kinaweza kuileta tokeni ile ile mara tatu bila nia mbaya.

Na aliyeingia kwa njia ya kukumbukwa asiruhusiwe kubadilisha barua pepe, nenosiri au njia ya malipo mpaka athibitishe upya nenosiri lake.

Hatua ya tisa: kutoka kuwe ni kutoka kweli

Kitufe cha kutoka kinachofuta kidakuzi kwenye kivinjari peke yake hakijamtoa mtu; tokeni iliyonakiliwa kabla ya hapo inaendelea kufanya kazi. Futa rekodi kwenye jedwali kwanza, kisha ndipo utume `Set-Cookie` yenye `Max-Age=0`. Mtumiaji akibadilisha nenosiri, futa vipindi vyake vyote isipokuwa kile anachokitumia, kwa sababu mara nyingi anayebadilisha nenosiri anafanya hivyo baada ya kuhisi kwamba kuna mtu ndani.

Uwezo huu wa kufuta ndio sababu kubwa inayonifanya nipendekeze tokeni zilizo kwenye jedwali kuliko JWT (JSON Web Token) kwa tovuti ya kawaida. JWT, iliyowekewa kiwango mwaka 2015, hubeba taarifa za mtumiaji ndani yake pamoja na saini, na seva huithibitisha kwa hesabu bila kugusa hifadhidata. Ina mahali pake, hasa pale huduma nyingi zinapohitaji kuaminiana kwa muda mfupi. Lakini ikishatolewa hubaki halali hadi muda wake uishe, na ukitaka kuibatilisha kabla ya hapo lazima utunze orodha ya zilizobatilishwa, yaani umerudi kwenye jedwali lile lile ulilolikimbia. Zaidi ya hayo, yaliyomo ndani ya JWT ya kawaida yametiwa saini bila kusimbwa, na yeyote aliyeishika anaweza kuyasoma.

Thamani ya kuweza kufuta ilionekana Septemba 2018, pale Facebook ilipotangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameiba tokeni za kuingilia. Hesabu ya baadaye ilikuwa ni watu wapatao milioni 30. Kampuni ilizibatilisha tokeni za akaunti takriban milioni 90, watu wakajikuta wametakiwa kuingia upya, na hakuna aliyelazimika kubadilisha nenosiri kwa sababu manenosiri hayakuwa ndani ya tokeni.

Hatua ya kumi: zuia maombi ya kughushi

Kwa kuwa kivinjari huambatanisha kidakuzi chenyewe, ukurasa wa adui unaweza kujaribu kutuma fomu kwenye tovuti yako kwa jina la mtumiaji aliyeingia. `SameSite=Lax` huzuia sehemu kubwa, lakini huvichukulia vijikoa vya kikoa kimoja kuwa ni tovuti moja, kwa hiyo usiishie hapo. Weka kwenye kila fomu thamani ya siri ya nasibu iliyofungamanishwa na kipindi, na ukatae fomu isiyokuwa nayo. Fremuwaki nyingi zimekwisha kuweka ulinzi huu na kazi yako ni kutouzima. Pia ombi la GET, lile la kufungua ukurasa tu, lisiwahi kubadilisha kitu chochote, kwa kuwa `Lax` huliruhusu. Hata kutoka kuwe kwa POST.

Kama hutaki nenosiri kabisa

Yote yaliyotangulia yanabaki vilevile hata ukiondoa nenosiri mlangoni. WebAuthn, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kuwa pendekezo rasmi Machi 2019, humwezesha mtu kuthibitishwa kwa ufunguo wa siri unaokaa kwenye kifaa chake, huku seva ikitunza ufunguo wa umma peke yake, ambao hata ukiibwa haumwingizi mtu. Unaweza pia kumwachia mtoa huduma mwingine kazi ya kuthibitisha kupitia OpenID Connect, itifaki ya kuingia kwa akaunti ya huduma nyingine. Kinachobadilika ni hatua ya pili tu; uthibitisho ukishakamilika, bado utahitaji tokeni, jedwali na kidakuzi.

Kujaribu kabla ya kufungua milango

Ingia kwenye tovuti yako, fungua zana za wasanidi za kivinjari na uandike `document.cookie` kwenye konsoli: kidakuzi cha kipindi kisionekane. Linganisha thamani yake kabla na baada ya kuingia: ziwe tofauti. Kisha nakili tokeni, bonyeza kutoka, na uitume ile uliyoinakili kwa mkono:

```
curl -i -H "Cookie: __Host-kipindi=TOKENI" https://tovuti-yako/akaunti
```

Jibu liwe 401 (hujathibitishwa) au kuelekezwa kwenye ukurasa wa kuingia. Likiwa 200 (limefaulu) na ukurasa wa akaunti, rudi hatua ya tisa, maana rekodi haikufutwa. Mwisho, ingia kwa vivinjari viwili tofauti kwa akaunti moja, badilisha nenosiri kwenye kimoja, kisha upakie upya ukurasa kwenye kingine: kinatakiwa kiombe kuingia upya papo hapo. Majaribio haya manne yaandike kama majaribio ya kiotomatiki ya mradi, ili yaendeshwe kila msimbo unapobadilika.